Jibu: Kutoka magurudumu kwenda hoki ya barafuni, nianzie wapi?

Habari mdogo wangu. Nimekuelewa hivi: una miaka 17, unacheza hoki ya viatu vya magurudumu Nairobi, umejaribu barafu, na kila ukifunga breki unaanguka. Unauliza kama bado kuna njia ya kufika mbali.

Kabla ya kujilaumu, kagua viatu vya barafuni. Chuma cha chini ya kiatu kina makali mawili, la ndani na la nje, na kwenye viatu vya kukodi mara nyingi ni butu. Pitisha ukucha juu ya kali taratibu. Lisipokwangua hata unga kidogo wa ukucha, hata bingwa angeteleza. Kisigino nacho kisinyanyuke ndani ya kiatu. Viatu vikiwa sawa, kunja magoti zaidi ya ulivyozoea, kisha geuza nyonga, siyo mabega. Fanya upande wako dhaifu kwanza, polepole, ukishika ukuta.

Kichwa nacho kina kazi. Kwenye magurudumu mko wanne na kipa. Barafuni ni watano, kuna kuotea, na wanaume wanagongana kwa mwili. Lakini ufundi wako wa fimbo unabaki. Pat Maroon, mzaliwa wa St. Louis, Marekani, alicheza sana magurudumu, akaja kutwaa Kombe la Stanley, la ligi kuu ya hoki ya barafuni Amerika Kaskazini (NHL), miaka 3 mfululizo, 2019 hadi 2021.

Nenda ukaonane na Ice Lions, timu ya hoki ya barafuni ya Kenya, kwenye uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa. Wengi wao walianzia magurudumuni kama wewe. Kocha akuone ukiteleza, ndipo uzungumzie safari za nje.