Viporo vya fundi redio

Ijumaa iliyopita, kabla ya sala, skana ya mwisho, yaani redio ya kusikilizia mawasiliano ya maboti na ndege, ilichukuliwa na mwenyewe. Chini ya meza yangu hapa Chake Chake hapana kiporo tena, yaani kazi ya mtu iliyolala. Miezi minane nyuma palikuwa na thalathini na moja, skana na redio za maboti, na msikitini nilikuwa nikienda kwa njia ya nyuma nisikutane na wenyewe. Kwa hiyo kijana wa Mkoani uliyeniandikia unataka kufungua kibanda cha ufundi, nisikilize.

Kisa changu kilianza na tajiri mmoja aliyeniletea boksi la skana za mtumba, nyingi ni PSR-500 za kampuni ya GRE. Alizitaka upesi, nami nilitaka sifa ya upesi. Nilikuwa nafungua, nachoma upya risasi ya kuungia vyuma, nawasha, nikisikia mvumo nafunga. Siku moja nikamaliza saba. Wiki mbili hazikupita, zaidi ya nusu zikarudi, na kila iliyorudi ilikula nafasi ya mbili mpya. Viporo hivyo niliviumba mwenyewe.

Risasi isiyoshika vizuri husikilizana na bodi ikiwa baridi. Mashine ikipata moto, inaachia. Dakika mbili za mezani hazikuonyeshi kitu. Na skana hizo zina vibebeo viwili vya betri nne: cha njano ni cha betri za kutupa, cheusi ni cha zile za kuchaji. Watu walitia za kutupa kwenye cheusi wakachomeka chaja, zikavuja, na maji yake yakala vyuma. Mimi nilisafisha vyuma tu, sikumwambia mtu habari ya rangi. Zikavuja tena.

Spea nazo zilinitesa. GRE waliacha kutengeneza skana mwaka 2012, nami nikahangaika kutafuta jina hilo hilo. Kumbe PRO-106 ya duka la RadioShack ilitoka kiwanda kimoja na PSR-500, na kampuni ya Whistler wakaja kuiendeleza kwa jina la WS1040. Fundi, jua mashine ina majina mangapi kabla hujamwambia mtu spea hakuna.

Sasa hapa kwangu haitoki mashine mpaka iwake saa sita mfululizo na kifuniko chake, nikiigongagonga. Naiweka 156.8 MHz, chaneli 16 ya baharini, nisikie sauti ya mtu, mvumo hautoshi. Kisha nasikiliza ndege zinazotua uwanjani kwetu, kati ya 118 na 137 MHz. Hizo ni AM, namna nyingine ya kubeba sauti, si FM kama za maboti. Nimewahi kuifungua skana nzima bure kwa sababu iliachwa kwenye FM.

Na usipokee kazi mpya ukiwa na kiporo. Usipokee! Utaogopa mteja ataenda kwengine. Mwache aende. Kazi iliyolala kwako miezi mitatu ni amana ya mtu, nawe utaulizwa. Jaribu kabla hujatoa, nasema tena, jaribu.

Katika wale thalathini na mmoja alikuwemo nahodha mmoja mtu mzima, redio yake iliyorudi mara tatu. Mara ya tatu aliniuliza, "Mwanangu, hii umeitengeneza au umeilaza tu?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo swali hilo linaniuma. Nilimrudishia pesa zake zote. Alizihesabu, akazitia mfukoni, akasema ahsante. Redio akaipeleka kwa fundi mwengine, Wete.