Kahawa ya maziwa ya India Kusini: usiichemshe, iache idondoke

Kwetu kahawa huchemshwa. Iwe kahawa chungu ya barazani na kashata yake, iwe ya maziwa jikoni nyumbani, moto ndio unaofanya kazi. Kahawa ya chujio ya India Kusini inataka kinyume: kahawa yenyewe isikae motoni hata kidogo, joto litoke kwenye maziwa. Ukilishika hilo, kilichobaki ni mkono kuzoea.

Mimi niliizoea Bengaluru, jiji la India Kusini, nilipokuwa mwanafunzi. Waliosoma kule wanavijua vile vihoteli viitwavyo darshini, mtu anakula idli, vile vikate laini vya mchele vya kupikwa kwa mvuke, na kunywa kahawa yake akiwa amesimama. Mkiwa wawili na mfuko umekauka mnaagiza moja, mnagawiwa nusu kwa nusu, na muuzaji wala hashangai. Wenyeji watakusimulia habari za Baba Budan, sufii wa karne ya 17 ambaye inasemekana alirudi kutoka hija na mbegu saba za kahawa za Yemen, akazipanda kwenye milima ya Chikkamagaluru. Milima hiyo ina jina lake mpaka leo, na kahawa bado inalimwa.

Chujio lenyewe ni vikombe viwili vya stili (zamani vilikuwa vya shaba nyeupe), kimoja kinakaa juu ya kingine. Cha juu kina matundu madogo madogo kwenye kitako. Ndani yake kuna kisahani cha matundu chenye mpini, na juu kabisa kifuniko. Hakuna karatasi, hakuna umeme.

Sasa kahawa. Ile ya kopo inayoyeyuka kwenye maji sahau, itapita yote kwenye matundu. Unataka iliyokaangwa ikakolea na kusagwa laini, ila ukiisugua kwa vidole bado unasikia chembechembe. Kule mara nyingi huchanganywa na chikori, mzizi unaokaangwa na kusagwa. Chikori haina kafeini. Inatoa rangi na uzito, tena inashika maji, kwa hiyo kahawa inashuka taratibu. Mchanganyiko uliozoeleka ni kahawa 80 kwa chikori 20, na wapenda nzito huenda 70 kwa 30. Ukizidisha hapo, kwa ulimi wangu mimi, unakunywa mizizi. Huku kwetu ulizia kwenye maduka ya Wahindi. Ukiikosa, usihangaike: chukua arabika ya Kilimanjaro au Mbinga, uichanganye na robusta kidogo ya Kagera. Watu wanaidharau robusta bure. Ndani ya maziwa, yeye ndiye anayesikika.

Kwa watu wawili au watatu, weka vijiko vitatu vya chakula vilivyojaa kwenye kikombe cha juu. Tikisa kidogo isawazike, kisha weka kisahani juu yake ukibonyeza kwa wepesi. Chemsha maji, yaache yatulie kama nusu dakika, halafu mimina kidogo tu kwa mzunguko mpaka kahawa yote ilowe. Subiri ivimbe. Ndipo uongeze maji mengine, jumla yafike kama mililita 150 au 180, ufunike, uondoke. Nenda kaoge, kapige pasi, fanya lolote, ila usisimame pale kulichungulia.

Dakika 15 hadi 20 ni sawa, na wengi wanaliandaa usiku wakalikuta tayari asubuhi. Likimaliza ndani ya dakika tano, kahawa yako ni ya chenga kubwa au hukubonyeza. Ligome kabisa? Kwanza inua kikombe cha juu kidogo tu, kisha ukirudishe. Mara nyingi ni hewa iliyobanwa chini, na ukiipa njia utasikia matone yanaanza tena. Kama si hewa, matundu yameziba. Dawa yake niliiona kwa mama mwenye nyumba wangu: alikishika kikombe cha juu kitupu kwa koleo, akakigeuzageuza kitako chake juu ya moto wa gesi mpaka mabaki ya kahawa yaliyonasa yakaungua, kisha akakisugua kwa brashi. Stili inabadilika rangi kidogo, lakini ukikiinua dirishani unaona mwanga kwenye kila tundu.

Kinachopatikana chini ni cheusi na kizito, kama tui la kwanza la nazi. Na kama tui, unaweza kuongeza maji ya moto upate la pili, jepesi. La kwanza ni la asubuhi na la wageni.

Maziwa yawe mazima, yasiyotiwa maji. Ya unga sikushauri. Yachemshe yaumuke, uyatumie hapo hapo kabla hayajashika utando. Tia sukari kwenye bilauri, fuata na kahawa, kisha maziwa mara mbili au tatu ya kahawa hiyo. Halafu mimina kutoka bilauri kwenda kwenye dabara, kile kibakuli chake chenye ukingo, na kurudi tena. Anza chini chini, mkono upande kadiri unavyojiamini. Sukari inayeyuka, povu linapanda, na kahawa inapoa ikanyweka. Fanyia juu ya sinki mwanzoni, na watoto wakae mbali.

Kahawa iliyobaki inakaa kwenye friji mpaka kesho yake, ingawa harufu itapungua. Ukitaka kuipasha, weka kikombe chake ndani ya bakuli la maji ya moto. Ukiibandika jikoni inakuwa chungu ya kuungua, na hakuna sukari itakayoiokoa.

Ukienda kununua chujio, au ukimwagiza mtu anayempeleka mgonjwa Chennai, taja idadi ya watu wa nyumbani kwako. Yapo ya watu wawili na yapo ya watu kumi. Kubwa likiwekwa kahawa kidogo, unga unatandaa mwembamba chini, maji yanapita mbio, na unaambulia maji ya rangi. Kama mnakunywa wawili lakini wageni hawakauki, nunua mawili: dogo la kila siku na kubwa la sikukuu.