Hesabu ploti, usihesabu miche: kwa wanaoanza utafiti wa kilimo na misitu

Jaribio langu la kwanza lilikuwa la mbolea kwenye mahindi: viwango vinne, bloku tatu (yaani makundi matatu ya ploti), jumla ploti 12, kila ploti ikiwa kipande kimoja cha shamba. Katika kila ploti nilipima mimea 10, nikaingiza mistari 120 kwenye kompyuta, nikafanya anova, yaani uchambuzi wa kulinganisha wastani wa makundi. Thamani ya p, inayoonyesha ni rahisi kiasi gani tofauti kama hiyo kutokea kwa bahati tu, ilitoka ndogo mno, nami nikaanza kuandika ripoti. Aliyekuwa akinisimamia aliisoma kurasa mbili, akaniuliza swali moja: "Mbolea uliiweka kwenye mmea au kwenye ploti?"

Niliiweka kwenye ploti. Basi nilikuwa na vipimo 12, si 120. Digrii huru za makosa, yaani idadi ya taarifa huru zinazobaki za kukadiria makosa, zilikuwa 6, na mimi nilikuwa nimezifanya 116. Nilipochukua wastani wa kila ploti na kuchambua upya, tofauti ile haikuonekana tena. Msimu mzima ulikuwa umekwisha.

Ndiyo maana nakuomba wewe unayeanza ujiulize swali hilo kabla hujagusa mbegu. Ni kitu gani hasa kilichopewa tritimenti (kile unachokijaribu, kama kiwango cha mbolea), kwa kura yake chenyewe, bila kutegemea jirani yake? Hicho ndicho cha kuhesabu. Mimea 10 ya ploti moja inakunywa maji yale yale, inakaa kwenye udongo ule ule, na mchwa wakivamia wanavamia yote. Ukipima mmea wa kumi na moja unaijua ploti hiyo vizuri zaidi, lakini hujapata ploti nyingine. Ni vivyo hivyo kwa ng'ombe wanane wanaolishwa kwenye hori moja: chakula kilipewa zizi, kwa hiyo zizi ni moja. Na miti 50 ndani ya ploti moja ya sampuli msituni ni ploti moja.

Jambo hili lina historia ndefu. Huko Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, jaribio la ngano la Broadbalk lilianza mwaka 1843, kila aina ya mbolea ikiwa na ukanda wake mmoja mrefu wa shamba. Takwimu zake zimekuwa hazina kubwa kwa sayansi. Hata hivyo, kama kila mbolea ina ukanda mmoja tu, huwezi kutenganisha kwa hesabu kazi ya mbolea na tofauti ya udongo uliopo chini yake. Mwanatakwimu R. A. Fisher alipofika kituoni hapo mwaka 1919 alikabidhiwa rundo la kumbukumbu za miaka mingi, na katika miaka ile akajenga misingi mitatu tunayoitumia mpaka leo: marudio, kura na bloku. Usiichukue kama kanuni za mtihani. Marudio yanakupa kipimo cha tofauti zinazojitokeza zenyewe, kura inazuia upendeleo ambao hata wewe huujui, na bloku inaondoa tofauti ya ardhi unayoiona kwa macho.

(Nasema bloku, si kitalu, kwa sababu mtu wa misitu akisikia kitalu anafikiria miche.)

Kwenye bloku ndiko nimeona majaribio mengi yakiharibika. Mtu anapewa shamba lenye mteremko, anaona ni rahisi kupima mistari kutoka juu kwenda chini, na kila mstari anauita bloku. Sasa ndani ya bloku moja kuna ploti ya juu yenye kokoto na ploti ya chini yenye tope, wakati kusudi la bloku ni ploti zake zifanane. Bloku moja ilale juu, nyingine katikati, nyingine chini, kila moja ikikata mteremko kama tuta la kontua. Kabla ya kupigilia vigingi, tembea shambani asubuhi ukitazama magugu. Yaliponawiri kwa rangi ya kijani kibichi pana kitu: pengine palikuwa na zizi la zamani, au kichuguu kilichosawazishwa. Kisha piga kura upya kwa kila bloku. Mpangilio wa bloku ya kwanza usiunakili kwenye ya pili.

Upande wa misitu hatari kubwa iko kwenye vipimo vyenyewe. Kipenyo cha mti hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini, na kwenye mteremko unasimama upande wa juu wa mti. Ng'oa mtambaazi kwanza, usipitishe utepe juu yake. Eneo la shina hufuata mraba wa kipenyo, kwa hiyo kosa la asilimia 2 kwenye kipenyo ni karibu asilimia 4 kwenye eneo. Niliwahi kupokea jedwali ambalo ukurasa mmoja ulikuwa na miti minene ajabu. Siku ile timu ilikuwa imetumia utepe wa kawaida, si ule unaosoma kipenyo moja kwa moja, ikaandika mzingo kwenye safu ya kipenyo. Mti wa sentimita 10 uliandikwa 31.4, na eneo lake likakua karibu mara kumi. Hakuna programu itakayokuonya. Chora grafu ya vipenyo dhidi ya urefu wa miti siku hiyo hiyo, kambini, kabla hamjahama. Mita 20 zilizopimwa juu ya mteremko wa digrii 20 nazo ni mita 18.8 tu za usawa, na hekta huhesabiwa kwa usawa.

Kuhusu idadi ya ploti za sampuli, hesabu ya haraka inatosha kwa kuanzia: zidisha mgawo wa tofauti (ploti zinavyotofautiana, kwa asilimia ya wastani) kwa 2, gawanya kwa kosa unalolikubali, kisha piga mraba. Msitu wenye mgawo wa asilimia 40, ukitaka kosa la asilimia 10, unadai ploti 64. Ukikubali asilimia 20, ni ploti 16. Ipeleke hesabu hiyo kwa mwenye bajeti mapema.

Kuna alama moja ndogo ninayoikagua katika kila daftari: sifuri. Ploti iliyoliwa na mbuzi haina mavuno ya sifuri. Haina kipimo, basi iachwe wazi na sababu iandikwe pembeni. Lakini miche iliyokufa kwa kuunguzwa na mbolea uliyoizidisha ni sifuri halali, kwani hilo ndilo jibu la tritimenti yako. Ukizichanganya hizi mbili, wastani wako unakuwa uongo, na mwaka mmoja baadaye hata wewe hutakumbuka ipi ilikuwa ipi.

Ukifika kwenye matokeo, usiishie kwenye p. Tuseme mavuno yameongezeka kilo 400 kwa hekta, na masafa ya uhakika, yaani eneo ambamo ongezeko la kweli huenda limo, ni kati ya kilo 50 na 750. Andika hivyo, ili mkulima na ofisa ugani wapime wenyewe kama gharama inalipa. Na ukiwa na ploti chache ukakosa tofauti, usiandike kwamba tofauti haipo.

Kwa wa misitu, neno moja zaidi. Jaribio lako linaweza kupimwa na mtu mwingine baada ya miaka 20. Vibao vya plastiki hupauka na vigingi vya mti huoza. Zika vyuma kwenye pembe za ploti, andika majira ya nukta (latitudo na longitudo) ya kila pembe, chora ramani inayoonyesha kaskazini na namba ya kila ploti, kisha weka nakala mbili kwenye majengo mawili tofauti.