Kaka wa Bukoba, njoo Uganda mwezi wa sita ila siyo tarehe 3

Kaka umeuliza uje huku lini na mkeo na watoto wawili, msibanane na watu na bei isiwaumize, na naona karibu kila mdau amekujibu "njoo wakati wa mvua". Mimi nakaa Masaka mwaka wa tisa huu, nimezunguka kwenye mvua na kwenye kiangazi, hilo la mvua ni nusu ya jibu tu.

Iko hivi, huku wanaojaza sehemu ni watu wa aina mbili. Wazungu wanafuata gorila na mbuga, wanakuja kwa wingi mwezi wa sita mpaka wa tisa halafu Disemba mpaka Februari sababu barabara kavu. Wenyeji wao wanajaza Jinja, Entebbe na visiwa vya Ssese, wikendi na likizo za shule. Sasa sikiliza, shule za huku zinafunga mwezi wa tano, tena mwezi wa nane kuingia wa tisa, halafu Disemba yote. Mwezi wa sita ambao nyie Tanzania mnafunga, watoto wa huku wako darasani muhula wa pili! Hakuna mvua ya maana, na beach za wenyeji zimelala.

Dada yangu alikuja na wanawe wakati huo, tukaenda Ssese siku ya Jumanne. Nyie mnaotokea mpakani Mutukula msihangaike kwenda mpaka Entebbe kutafuta meli, ingieni Masaka mteremke Bukakata ziwani, kuna feri ya serikali inavusha mpaka Luku, kule kisiwani, bure kabisa. Tulikuta ufukwe mzima ni sisi na mama mmoja anaanika mukene (dagaa hizo hizo zenu). Chumba walitaja shilingi 150,000 za Uganda, nikacheka tu nikasema sisi ni wa humu humu, tukamalizia 90,000 na chai ya asubuhi. Rafiki zangu walienda hapo hapo siku moja baada ya Krismasi wakalala kwenye gari, na nauli ya basi ya kuja Masaka nayo ilikuwa imepandishwa, Disemba huku usijaribu.

Ila chunga tarehe 3 mwezi wa sita, siku ya Mashahidi wa Uganda, hija kubwa ya Wakristo pale Namugongo karibu na Kampala. Mahujaji wanatoka kila pembe, wengine wanatembea kwa miguu kutoka Kenya na huko kwenu, gesti za upande ule wa Kampala zinajaa. Tarehe 9 nayo ni sikukuu ya Mashujaa. Vuka mpaka kuanzia tarehe 10.

Gorila sasa. Watoto chini ya miaka 15 hawaruhusiwi msimu wowote ule, kwahiyo hiyo ni safari ya wewe na shemeji. Mgeni wa nje kibali ni dola 800, sisi wa Afrika Mashariki ni shilingi 300,000 za Uganda. Na kule msituni hakuna kubanana, familia moja ya gorila inatembelewa na watu 8 tu kwa siku, saa moja basi, shida ni kupata hicho kibali. Mimi nilienda msitu wa Bwindi, upande wa Rushaga, mwezi wa nne, kibali nilipata wiki moja kabla na tulikuwa watu watano. Lakini matope kaka! Gari lilizama, vijana wa pale wakalisukuma kwa 40,000, na nina mashaka kama lile shimo hawakuwa wanalimwagia maji wenyewe, halafu tukapanda mlima masaa manne tunashikilia mizizi. Mke wangu viatu vyake alivitupa huko huko.

Mbuga ya Kidepo wakati wa mvua achana nayo, mito inajaa unakwama. Mbuga ya Queen Elizabeth inaendeka ila nyasi ndefu, simba utamsikia tu.

Mkija wawili bila watoto njooni Novemba katikati, mvua ipo lakini shule hazijafunga na wageni wachache, na ndiyo msimu wa nsenene (senene, wale panzi wa kuliwa) hapa Masaka, usiku mzima mataa yanawaka kuwanasa. Za kukaanga na kitunguu, ndoo nzima naimaliza mimi.

Kadi ya homa ya manjano usisahau, ya watoto pia. Ukivuka Mutukula asubuhi, mchana uko kwenye feri.