Bibi hayumo kwenye picha 1,740

Mwaka 2016 nilipiga harusi moja Kigamboni nikarudi nyumbani na picha 1,740. Nilijiona fundi kwelikweli. Wiki tatu baadaye kaka wa bibi harusi akanipigia simu: bibi yao, yule aliyekaa meza ya mbele na kilemba cha njano, amefariki, wanaomba picha yake nzuri ya kuweka msibani.

Nilikesha kwenye kompyuta. Bibi nilimpata mara kumi na nne. Katika tisa, uso wake umezibwa na mkono wa mtu anayerekodi kwa simu. Katika nne yuko nyuma kabisa, ukungu mtupu. Katika moja anaonekana vizuri, na anatafuna. Wakachukua hiyo ya kutafuna.

Siandiki haya ili nionewe huruma. Nayaandika kwa sababu kila wiki kijana mmoja ananiuliza anunue kamera gani, na mimi humjibu kwa kumtajia mpiga picha mmoja mzee wa Bamako, mji mkuu wa Mali, halafu anadhani namkwepa.

Mzee huyo ni Seydou Keïta. Kabla ya msiba ule nilikuwa najua mipangilio yote ya kamera yangu, na watu waliokaa mbele yake nilikuwa siwajui hata kidogo. Baada ya pale nikaanza kutazama kazi za waliotutangulia, nikakwama kwake. Alizaliwa Mali mwanzoni mwa miaka ya 1920, akafundishwa useremala. Mwaka 1935 mzee mmoja wa ukoo wao akarudi kutoka Senegal na kamera ndogo ya Kodak, akampa. Mwaka 1948 akafungua studio yake Bamako, jirani na stesheni ya reli, mahali ambapo wasafiri hawakosekani.

Kamera yake ya kazi ilikuwa ile kubwa ya miguu mitatu, inayokula filamu kipande kimoja kimoja, sentimita 13 kwa 18. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo mteja kwa kawaida alipigwa picha moja. Hakuna kusema “tena moja, usicheke”. Hakuna kutazama kioo nyuma ya kamera. Ikitoka imetoka.

Sasa jiulize mtu wa namna hiyo alikuwa anafanya nini zile dakika zote kabla ya kubofya. Anamgeuza mteja bega kidogo. Anamnyanyulia kidevu. Anatandaza gauni lionekane lote. Kama kijana hana suti, studio inayo; saa, kalamu ya mfukoni, redio, hata skuta, vyote vipo. Alipenda kupiga uani, kwa mwanga wa jua, na pazia lake la kwanza nyuma ya wateja lilikuwa shuka la kitandani kwake, lenye matamvua. Kila baada ya miaka miwili mitatu alikuwa anabadilisha pazia, na uzeeni mapazia hayo ndiyo yaliyomkumbusha picha gani ni ya miaka gani.

Kuna picha yake moja ya mwishoni mwa miaka ya 1950 ambayo nimeitazama mpaka nimeikariri. Kijana kavaa koti jeupe, miwani yenye fremu nene nyeusi, na mkononi kashika ua moja. Basi. Lakini tazama vile vidole. Ua amelishika kama mtu aliyeshika kitu kinachoweza kuvunjika, na uso ameutuliza kama wa mkuu wa wilaya. Ondoa ua, inabaki picha ya kitambulisho.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: anza na mikono. Mtu akikaa mbele ya kamera mikono yake inakosa pa kwenda, na hofu yote inahamia huko. Mpe kitu chake mwenyewe: pochi, tasbihi, mtoto. Kisha tazama nguo. Mama akivaa kanga, usimkate jina. Kaichagua kanga hiyo kwa maneno yake, kuna mtu anataka ayasome, wewe unakuja kuikunja maandishi yaishie kiunoni! Nimefanya kosa hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Wengine husema mambo ya Keïta ni ya studio, kwenye sherehe hayafai. Sawa. Basi mtazame Malick Sidibé, wa Bamako vilevile, aliyekuwa anazunguka kwenye dansi za vijana miaka ya 1960 na kamera ndogo na flashi. Picha yake ya usiku wa Krismasi 1963, kijana na binti wanacheza karibu vichwa vigusane, watu wa harusi wote tungeitazama kabla ya kufungua begi. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu kule Venice kwa kazi ya maisha yake yote. Lakini hata yeye alikuwa anatembea na filamu za kuhesabika, za picha 36 kila mkanda.

Halafu kuna Mfaransa Henri Cartier-Bresson, ambaye vijana wetu wanamtaja sana na kumwelewa kidogo. Wamesikia habari ya kunasa tukio lenyewe, wakaelewa kwamba wabonyeze kitufe cha kupigia wasiachie, picha kumi kwa sekunde, moja itakuwemo. Yeye alikuwa na kamera ndogo ya Leica, lenzi ya milimita 50, na subira ya mvuvi. Alikuwa hapendi picha yake ipunguzwe pembeni, ingawa ile maarufu ya 1932, ya mtu anayeruka dimbwi nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare, ilipunguzwa, kwa kuwa alipiga kwenye upenyo wa uzio na ubao ukaingia. Nafurahi kila nikikumbuka hilo. Sheria zake mwenyewe zilimshinda siku moja, na ndiyo siku anayokumbukwa nayo.

Na mimi kama mtoto wa Ujiji siwezi kumpita bila kusema hili. Picha ambayo Cartier-Bresson alisema ndiyo iliyomwashia moto wa kushika kamera ni ya Mhungaria Martin Munkácsi, ya mwaka 1930 hivi: wavulana watatu weusi, uchi, wanakimbilia mawimbi. Dunia inaijua kwa jina la Ziwa Tanganyika. Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka peke yangu, maana ndivyo tulivyokuwa tunaingia majini. Jina la mpigaji linajulikana, jina la ziwa linajulikana. Watoto wale hawana majina.

Hapo ndipo nilipoanza kuandika majina. Mpiga picha Mmarekani, Dorothea Lange, alimpiga picha mama mmoja kwenye kambi ya vibarua wa mashambani huko Nipomo, California, mwaka 1936, ikawa picha ya mama maarufu kuliko zote Marekani, na jina hakumuuliza. Dunia ilikuja kujua kwamba ni Florence Owens Thompson mwaka 1978. Keïta naye yalimkuta kwa upande wa pili: mwaka 1991 picha zake zilitundikwa kwenye maonyesho New York na chini yake pameandikwa kwamba mpigaji hajulikani, wakati mwenyewe yuko Bamako, mzima. Faili lako likibaki na namba tu lilizopewa na kamera, umejiandalia yaleyale. Andika jina la mtu, mahali, tarehe, siku hiyohiyo kabla hujalala.

Kuhusu kujizoeza kupiga picha chache: nilikwenda Kariakoo kutafuta memori kadi ya GB 2. Fundi simu alichakura droo nzima, akaniuliza, “Ya kazi gani hii, kaka?” Kwenye kamera yangu inaingia picha sabini hivi. Sikudanganyi kwamba napiga harusi nzima kwa kadi hiyo. Ningekosa keki na familia zingenitafuta. Natumia nusu saa ya kwanza, ukumbi ukiwa bado haujajaa, na nazunguka kwa wazee tu. Nimebandika plasta kwenye kioo cha nyuma nisichungulie.

Mwezi wa sita kwenye sendofu moja Tabata nilichuchumaa mbele ya bibi mmoja, kamera usoni, kimya. Sahani ya pilau mapajani. Akasubiri, akachoka.

“Mbona hupigi, mwanangu?”

“Nakusubiri bibi, umalize kutafuna.”

Akacheka mpaka mabega yakatikisika, akaufunika mfupa wa kuku kwa karatasi, akavuta kanga yake mpaka jina likatokeza lote. Nikampiga moja.