Weka harmonika chini kwanza

Wiki iliyopita mliwauliza wasomaji wanaopiga ala: ni albamu gani iliyokufundisha zaidi, na huwa unaisikilizaje? Mimi napiga harmonika, kile kinanda cha mdomo ambacho wengi hudhani ni cha kuchezea watoto, na muziki wangu ni blues. Jibu linalotarajiwa kwa mtu kama mimi linajulikana. Muulize mpiga harmonika wa blues yeyote, uwezekano mkubwa atakutajia The Best of Little Walter kabla hujamaliza swali.

Wala hatakuwa amekosea. Little Walter, mtu wa Louisiana aliyehamia Chicago, alirekodi "Juke" tarehe 12 Mei 1952 akiwa na wenzake wa bendi ya Muddy Waters, mwimbaji na mpiga gitaa wa blues. Wimbo hauna neno hata moja, harmonika ndiyo inayosema yote, na ulikaa wiki 8 kileleni mwa chati ya R&B ya Billboard, jarida la muziki la Marekani. Alikuwa akishika maiki na harmonika pamoja ndani ya viganja, akiisukuma amplifaya mpaka sauti inanona na kukwaruza kama saksafoni. Albamu yenyewe ina nyimbo 12 tu, na hakuna wa kuruka.

Ila mimi albamu hiyo ilinitesa kabla ya kunifundisha. Nilinunua harmonika ya C (kila harmonika hutengenezwa kwa ufunguo wake mmoja), muuza duka akaniapia kuwa hiyo moja itanitosha maisha yangu yote. Miezi miwili nikawa nakimbizana na "Juke" kila jioni, kila noti inanikataa. Nikaanza kuamini kwamba sina sikio la muziki. Kumbe wimbo uko kwenye ufunguo wa E, na Walter ameshika harmonika ya A! Wazee wa Chicago walipenda kupiga hivyo, kwa sababu kwenye harmonika ya A ukivuta pumzi matundu ya chini unapata sauti za E, na hizo za kuvuta ndizo unazoweza kuzipinda, yaani kuzishusha kidogo kwa mdomo, zikalia kama mtu. Ukipuliza, matundu hayo hayapindiki hivyo. Kwa C yangu nilikuwa nabisha hodi nyumba ya jirani.

Hapo ndipo nilipobadili usikilizaji, na hili ndilo jibu langu hasa: sisikilizi tena harmonika ikiwa mdomoni. Ukiwa nayo unasikia makosa yako tu. Nasikiliza nikiosha vyombo, au ndani ya daladala, sikio moja kwenye simu na jingine kwa konda nisipitilizwe kituo. Wimbo mmoja wiki nzima. Nachukua kipande cha sekunde chache nakiimba kwa mdomo, waa-da-da-waa, mpaka kinitoke bila kufikiri. Mke wangu siku moja alisimama mlangoni akauliza, "Baba, huyo mtu anaumwa au ndiyo anaimba?" Nikikiweza kwenye sinki, ndipo naifuata harmonika kabatini.

Na kwa usikilizaji huo, albamu iliyonifungua si ya Walter. Ni Hoodoo Man Blues ya Junior Wells, mwimbaji na mpiga harmonika, iliyotolewa na kampuni ya rekodi ya Delmark ya Chicago mwaka 1965. Watu wanne tu: Wells, Buddy Guy kwenye gitaa, Jack Myers kwenye besi, Billy Warren kwenye ngoma. Inasimuliwa kwamba amplifaya ya Guy iliharibika studio, wakapitisha gitaa kwenye spika inayozunguka ya kinanda cha Hammond, ndiyo maana kuna mahali linasikika kama linazunguka ndani ya maji. Toleo la kwanza hata jina la Guy halikuandikwa. Aliitwa "Friendly Chap", kwa kuogopa mkataba wake na kampuni nyingine ya rekodi, Chess.

Lakini mimi huwa namsikiliza Wells anapokaa kimya. Mdomo ni mmoja, akiimba hawezi kupiga. Kwa hiyo anaimba mstari, anasubiri kidogo, halafu harmonika inaitikia kwa noti tatu nne, basi, kama waitikiaji wanaomjibu kiongozi wa ngoma. Ukihesabu muda anaopiga kweli, ni mdogo ajabu. Mimi nilikuwa nikijaza kila upenyo kama mtu anayeogopa kunyang'anywa zamu.

Ya tatu nitaitaja haraka, Down and Out Blues ya Sonny Boy Williamson, jina lililotumiwa na wapiga harmonika wawili: huyu ni yule wa pili, Rice Miller, siyo yule aliyeuawa Chicago mwaka 1948. Hii naisikiliza usiku kwa sauti ya chini, nikijaribu kukisia viganja vyake vinavyoifunika harmonika vinafunguka wapi na kufumba wapi. Nimeambulia kidogo sana.

"Juke" sasa naipiga nusu, kwa harmonika ya A niliyoinunua kwa fedha ya sikukuu. Tatizo, tundu la nne nimelipinda mno mpaka ulimi wake wa shaba, ule unaotetema ndani, umechoka, sauti imeanza kushuka. Kwa hiyo nusu iliyobaki inasubiri A nyingine, na muuza duka yule bado anauza za C tu.