Nina kisukari na kanisa limeingia mfungo wa siku 21: nifunge vipi?

Swali: Bwana Yesu asifiwe, daktari. Mimi ni mama wa miaka 54, naishi Mbagala. Nina kisukari mwaka wa sita sasa, na presha. Natumia metfomini ya miligramu 500 asubuhi na jioni, glibenklamaidi ya miligramu 5 kila asubuhi, na kidonge cha presha kile cha kukojoza. Kanisa letu limeingia mfungo wa siku 21, saa 12 asubuhi mpaka saa 12 jioni bila chakula wala maji, na siku 3 za mwisho ni mfungo wa Esta, kavu usiku na mchana. Siku ya pili, katikati ya maombi ya mchana, nilianza kutetemeka na kutoka jasho. Wapendwa wakanizunguka wakaniombea. Binti yangu akanipima, mashine ikasoma 3.2. Nikanywa soda, nikakaa sawa. Sasa mzee mmoja wa kanisa ananiambia adui anataka kunitoa kwenye mfungo, na kwamba kumeza dawa ukiwa umefunga ni kutokuamini. Sitaki kuuendekeza mwili, lakini naogopa. Nifanyeje?

Jibu: Amina, mama. Kuanzia leo simamisha kutokula mpaka ufike kliniki yako. Na zile siku 3 kavu usizifunge kabisa, hata kama kliniki itakuruhusu kufunga mchana.

Kilichokupata kina sababu inayojulikana. Sukari ikiwa chini ya 3.9 (kwa mashine inayosoma mmol/L) tunasema imeshuka, na yako ilishuka zaidi ya hapo. Aliyeishusha ni glibenklamaidi. Dawa hii inalisukuma kongosho limwage insulini, homoni inayoshusha sukari, umekula hujala, na ukiimeza alfajiri inafanya kazi mchana kutwa, mara nyingi hadi saa 24. Figo zikiwa zimechoka ndiyo inakaa mwilini muda mrefu zaidi. Metfomini haina tabia hiyo. Yenyewe kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisitoe sukari kupita kiasi, na ikitumika peke yake ni nadra kumshusha mtu. Ndiyo maana akina mama wawili wenye kisukari wanaweza kukaa benchi moja na kufunga saa zilezile, mmoja akamaliza vizuri na mwenzake akaanguka. Tofauti yao iko kwenye pakiti ya dawa, imani ya mtu haipimwi hapo.

Hilo la kuzungukwa na kuombewa linanipa wasiwasi kuliko mengine yote uliyoandika. Sukari ikianza kushuka mtu hutoka jasho la baridi, mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, njaa inamshika ghafla. Ikiendelea kushuka anaropoka, anakuwa mkali bila sababu, anakutazama kama hakuoni, mwisho anaanguka, pengine na degedege. Ndani ya mkesha dalili hizo watu wanazisoma vingine kabisa. Atawekewa mikono, pepo atakemewa, na dakika 20 zitapita wakati ubongo unakosa sukari. Waombe, sawa, lakini kidole kitobolewe kwanza. Kama mashine haipo, apewe sukari hivyohivyo; ikija kuonekana haikuwa imeshuka, vijiko vichache vya mara moja havitamletea madhara ya kulinganishwa na yale ya kuchelewa.

Kiasi chenyewe ni gramu 15: vijiko vya chai vitatu vya sukari vilivyojaa, vikorogwe kwenye nusu glasi ya maji, au soda ya kawaida mililita 150, yaani nusu ya chupa ndogo. Soda isiyo na sukari haisaidii kitu. Andazi, karanga na chokoleti pia si vya wakati huo, kwa sababu mafuta yake yanachelewesha sukari kuingia kwenye damu. Subiri dakika 15, pima. Bado iko chini ya 3.9, rudia kiasi kilekile. Ikishapanda, kula chakula cha kweli: bakuli la uji, vipande viwili vya mkate, au ndizi na yai. Wewe uliishia kwenye soda. Kwa mtu wa glibenklamaidi hiyo ni hatari, maana soda inaisha mwilini mapema na dawa bado ipo, kwa hiyo sukari inaweza kushuka tena usiku ukiwa umelala. Siku ikitokea tena, upimwe pia kabla ya kulala. Mtu akipoteza fahamu asimiminiwe chochote mdomoni, kitaingia kwenye mapafu. Alazwe ubavu na apelekwe hospitali, na akizinduka kwa dripu asing'ang'anie kurudi nyumbani saa hiyohiyo, kwa sababu hiyohiyo ya dawa kukaa. Foleni ya Barabara ya Kilwa jioni unaijua. Sukari iwe ndani ya mkoba wako, usitegemee kufika hospitali ya Temeke kwanza.

Sasa habari ya kufunga tena. Una bahati unaishi Dar es Salaam. Kila mwaka kliniki za kisukari za mji huu zinapanga upya dawa za wagonjwa Waislamu kabla ya Ramadhani, kwa hiyo ukienda Temeke, Amana au Mwananyamala sema wazi: nataka kufunga saa 12 kwa saa 12, nipangieni kama mnavyowapangia wanaofunga Ramadhani. Muuguzi ataelewa mara moja. Nenda na mashine yako, dawa zote kwenye pakiti zake, na vipimo vya sukari vya siku chache ulivyoandika. Omba wakupime figo na kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu. Kwa kawaida metfomini yako itabaki miligramu 500 mara mbili, pamoja na chakula cha alfajiri na cha jioni. Glibenklamaidi huwa tunaiondoa kwa anayefunga na kuweka ya kundi hilohilo yenye hatari ndogo zaidi, kama gliklazaidi, inayomezwa jioni wakati wa kufungua. Usijifanyie mabadiliko hayo mwenyewe, na usije ukameza viwili jioni kufidia cha asubuhi. Mwakani uende wiki 6 hadi 8 kabla, ili pawepo muda wa kujaribu dawa mpya ukiwa unakula.

Lakini kwa kuwa sukari imeshakushuka ndani ya mfungo huu huu, usishangae daktari akikwambia mwaka huu basi. Mimi pia ningekwambia hivyo.

Kidonge cha kukojoza nacho kina lake. Kinatoa maji na chumvi, wewe huingizi maji, na joto la Dar ukiwa chini ya bati na feni mbili unalijua. Mwili ukikauka presha inashuka ukisimama, kizunguzungu kinakuja, mkojo unakuwa kama chai ya rangi, figo zinaumia. Sukari ikiwa juu hali inakuwa mbaya zaidi kwa sababu sukari nyingi nayo huvuta maji kwenda kwenye mkojo. Hii ndiyo sababu siku 3 kavu nimezikataa moja kwa moja. Kwa mfungo wa mchana, muulize daktari kama kidonge hicho kihamishwe saa au kibadilishwe, na kati ya jioni na alfajiri unywe lita 2 hadi 2.5 za maji kidogo kidogo, glasi baada ya glasi, badala ya kujaza tumbo kwa mara moja. Mwenye shida ya moyo au figo afuate kiasi alichoandikiwa. Ukiharisha au kutapika, mfungo umekwisha siku hiyo, na uende kituo cha afya wakuambie kama metfomini isimame kwanza.

Kupima hakufungui mfungo. Hakuna kinachoingia tumboni. Pima ukiamka, saa 6 mchana, saa 10 jioni, zikipita saa mbili tangu ule, na wakati wowote unapojisikia tofauti. Chini ya 3.9, fungua, hata kama imebaki nusu saa. Zaidi ya 16.6, fungua vilevile, kunywa maji na uende kliniki. Nawa mikono kwa sabuni uikaushe kabla ya kutoboa: kidole kilichomenya embe kinaweza kukupa namba kubwa ya uongo ikaficha sukari iliyoshuka. Toboa pembeni ya ncha, panauma kidogo. Kopo la vijiti vya kupimia lifungwe kila mara, unyevunyevu wa Pwani unaviharibu.

Chakula cha jioni ndicho kinachoharibu watu wengi kuliko njaa ya mchana. Uji wa sukari, chapati mbili, sahani ya wali iliyofurika na soda juu yake, halafu asubuhi mashine inasoma 15 na mtu analia mfungo umempandisha sukari. Anza na maji. Nusu ya sahani iwe mchicha, tembele au kabichi, robo ugali wa dona usiozidi ngumi yako, robo samaki, dagaa au maharage. Chakula cha alfajiri usikiruke, na kiwe karibu na saa 11: dona, maharage, yai, kitu kinachokaa tumboni.

Nije kwa mzee wa kanisa. Mfungo wa Esta ulifungwa na watu waliokuwa wameandikiwa kuuawa, mara moja. Biblia haikuufanya ratiba ya kila mwaka. Danieli, katika sura ya 10, kwa wiki 3 alijinyima chakula kitamu, nyama na divai, yaani aliendelea kula vitu vingine. Huo ndio ninaokushauri. Ondoa nyama, soda, vitafunwa, televisheni na simu ya usiku, kula milo yako mitatu midogo, meza dawa zako saa zilezile, na ule muda wa maombi uushike wote. Angalizo moja: ukiambiwa mfungo wa Danieli ni wa matunda na juisi tupu, huo kwako haufai, kwa sababu glasi moja ya juisi ya embe ina sukari nyingi bila nyuzinyuzi za tunda lenyewe.

Unasema hutaki kuuendekeza mwili. Paulo aliyeandika kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu (1 Wakorintho 6:19) ndiye aliyewaonya Wakolosai (2:23) juu ya ibada za kujitungia na kuutendea mwili kwa ukali, akasema hazina faida kwa kuzuia tamaa zake. Na kwa Waefeso (5:29) anasema mtu huulisha mwili wake na kuutunza, akiweka mfano wa Kristo na Kanisa. Kuendekeza ni ile chapati ya tatu. Kidonge hakimo.

Elia naye, katika 1 Wafalme 19, alipokuwa amechoka kiasi cha kuomba afe, malaika alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Zile siku 40 za kwenda Horebu zilifuata baada ya hapo.

Kuhusu dawa na imani, rudi Luka 17. Wale wenye ukoma kumi walitumwa wakajionyeshe kwa makuhani, ambao ndio waliokuwa na kazi ya kuwakagua. Basi ukiombewa, pokea, kisha pima. Sukari ikianza kusoma chini wiki kwa wiki ukiwa kwenye dawa, kliniki yenyewe itapunguza kipimo, na itaandika. Kuacha dawa kwanza ndipo usubiri uone ni kumjaribu Mungu, na sukari hupanda taratibu bila maumivu hadi siku ya kulazwa.

Wala si makanisa yote yanayokudai hivyo. Kanisa Katoliki, ambalo sheria yake ya mfungo imeandikwa, linawahusisha waliotimiza miaka 18 mpaka wanapoanza mwaka wa 60, kwa Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, nao mfungo wenyewe una mlo mmoja kamili na miwili midogo. Mgonjwa anasamehewa. Mwenye kisukari cha kuchoma insulini tangu utotoni, mjamzito mwenye kisukari, mwenye figo mbovu, aliyewahi kuzimia kwa sukari kushuka ndani ya miezi 3 iliyopita: hawa nawaomba wasifunge chakula kabisa.

Mwambie mchungaji wako mwenyewe, uso kwa uso, kabla hajasikia kwa mzee. Na mmoja wa wahudumu wa mlangoni ajue una kisukari na sukari iko mfuko gani wa mkoba. Jambo jingine dogo: kama kwenu mnavua viatu madhabahuni, vaa soksi, na ukifika nyumbani kagua nyayo zako kwa kioo. Miguu yenye ganzi haisikii msumari wala saruji ya moto ya saa 8 mchana.